Kinamasi Kilichokauka kwenye Kompyuta

Mke wangu hamwamini mtu. Muuza maziwa keshamjua, akifika mlangoni kwetu huonja mwenyewe kabla hajaulizwa. Mimi fundi cherehani, mumewe wa miaka yote hii, nikisema natoka kununua uzi, nikirudi hunitazama mikono. Kazini wanamwita Bi Hakiki na jina amelipenda, maana kazi yake ndiyo hiyo: kukaa mbele ya kompyuta akihesabu misitu, mito na vinamasi kama mwenye duka anavyohesabu mali. Anaipa programu ramani ya mwaka wa mwanzo na ramani ya mwaka wa mwisho, programu inazilinganisha kipande kwa kipande, kisha inatoa jedwali: msitu ulikuwa huu, hapa umepungua, pale umeongezeka, uliobaki ni huu. Na ramani yenyewe inapakwa rangi, hata mimi nisiyejua kitu naelewa.

Picha za setilaiti za kutengenezea ramani hizo huandaliwa na shoga yake. Walisoma pamoja, wakaajiriwa pamoja, wakazaa mwaka mmoja. Hapa kwetu anaingia moja kwa moja mpaka jikoni na kufunua sufuria. Ndiye mtu pekee ambaye Bi Hakiki hakuwahi kumhakiki.

Jioni moja katikati ya masika mke wangu alirudi na kompyuta ya ofisi, akaitua kwenye meza yangu ya kukatia, juu ya suti ya watu.

"Baba watoto, njoo uone. Kinamasi kimekwenda wapi?"

Nikaangalia. Kinamasi cha juu ya mtaa wetu, kile kinachonyonya mvua maji yasitufuate vitandani, kwenye ramani ya kwanza kilikuwa buluu tupu. Kwenye ramani mpya kilibaki kistari chembamba, kwingine kote kahawia.

"Si kitakuwa kimekauka?" nikasema.

"Kimekauka? Leo nimepita pale, nimelowa mpaka magotini. Hii imechezewa. Baraza la mji linasubiri hesabu hii. Ikisema kinamasi kimekufa, kinakatwa viwanja. Sasa nani aliyenipa picha?"

Akajijibu mwenyewe kwa kuniuliza kama nimeona mabati mapya ya shoga yake.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Jumatatu nampeleka kwa mkuu wetu. Afukuzwe."

Nilimwambia amuulize kwanza. Akaniambia mwizi haulizwi, anakamatwa. Nilikasirika, lakini nitasema kweli, shaka inaambukiza kuliko mafua. Shoga alipokuja Jumamosi kupimwa gauni la harusi ya binti yake, nami nilijikuta namkagua. Saa ya mkononi mpya. Viatu vipya. Kitambaa chenyewe si cha mshahara wa ofisi ile.

"Shemeji leo vipi, umemeza pini?" akaniuliza, mikono kainyoosha nimpime kwapa.

Kabla sijajibu mke wangu akatokea mlangoni.

"Shoga, mabati yale umeyatoa wapi?"

"Kaka yangu kaniezekea. Kwani vipi?"

"Na huyo kaka yako, ananunua viwanja?"

Shoga akashusha mikono, pini zikamchoma, wala hakulalamika. Mke wangu akafungua kompyuta na kumwonyesha kahawia ile. Shoga akainama, akatazama, kisha akaangua kicheko mpaka nikashtuka.

"Mwenzangu, hii mpya si ya kiangazi? Na hii ya zamani ni ya masika. Umechukua kinamasi kilichojaa maji ukakilinganisha na kinamasi kilichokauka, unataka programu ifanye nini?"

"Kwa nini ulinipa ya kiangazi?"

"Wewe si ndiye uliyenirudishia ya masika mara mbili? Ina mawingu, hutaki hata wingu moja. Masika yasiyo na mawingu ningeyatoa wapi? Nikakuambia, iliyopo safi ni ya kiangazi. Ukasema lete tu, mradi iwe safi."

Mke wangu akakaa kwenye kiti cha wateja. Alikuwa amewashuku wauza viwanja, baraza, mabati na rafiki yake wa ujanani, lakini mwezi wa ile picha hakuwa ameushuku. Nikaanza kupumua. Nikadhani yameisha, tutacheka, nitachemsha chai.

Ila kicheko cha shoga kilikuwa kinakatika chenyewe. Akatazama kompyuta, akamtazama mwenzake pale kitini, akanitazama na mimi.

"Mabati," akasema. "Kaka. Viwanja. Kumbe ulidhani nimehongwa."

Akamgeukia mke wangu.

"Ungenisemea ofisini?"

Hapo ndipo nilipomuomba Mungu mke wangu ajue kudanganya, japo mara moja. Hajui.

"Jumatatu," akasema.

Shoga akaenda nyuma ya pazia, akavaa nguo zake. Akalikunja gauni na pini zake humo humo. "Shemeji, nitamalizia kwingine," akaniambia kwa adabu, na mimi nikaona aibu kumtazama, kwa sababu ile saa ya mkononi nilikuwa nimeihesabu.

Mke wangu akarekebisha kazi yake, masika kwa masika, mawingu akayafuta na kujaza kwa picha za siku nyingine. Kinamasi kikarudi buluu, baraza likaahirisha viwanja. Ofisini walimpigia makofi. Nyumbani hakuna aliyefunua sufuria.

Jana mchana simu yake iliita, jina la shoga likatokea, akaikimbilia huku mikono ina sabuni. Akaweka sauti ya juu ili nami nisikie.

"Mheshimiwa, habari za kazi," shoga akasema. "Picha za msitu ziko tayari. Nizilete mwenyewe, au nije na shahidi?"

Mke wangu akacheka, akingoja mwenzake naye acheke. Shoga alikuwa anasubiri jibu.