Mugo wa Managu na Mugo wa Viazi

Programu ya tano ya kompyuta ndiyo iliyomwambia Kagure kwamba viazi na managu, ile mboga ya mnavu, ni mmea mmoja. Asilimia mia moja! Alikasirika mpaka akacheka.

Programu hizi zingemwua. Moja ilikataa mafaili yake, nyingine ilitengenezwa na mtu asiyejibu barua pepe. Na kazi yenyewe, mwaka wa tatu sasa katika maabara ya Gatitu, ilikuwa hii tu: kuona jeni zipi zimekaa bega kwa bega ndani ya managu, na kama ndani ya viazi zimekaa vivyo hivyo. Kila masika ugonjwa wa ukungu ulichoma viazi vya mamake kule Mweiga, na managu ya kando ya mtaro yakabaki mabichi. Daktari Nasirumbi, msimamizi wake, alikuwa amesema wazi: Ijumaa bila matokeo, shahada basi. Leo ilikuwa Alhamisi.

"Hebu nione vile uliandika," Daktari akasema, akavuta kiti.

Nambari ndefu za jeni zilikuwa zimemchosha Kagure macho, basi akazipa majina kwa desturi ya kwao ya kuwapa watoto majina ya jamaa. Ya kwanza ya managu Mugo, babu mzaa baba, ya pili Mwai, babu mzaa mama, kisha ami na wajomba. Alipofika kwenye viazi akaanza upya na Mugo, kama ndugu wawili wanavyowapa wana wao jina la babu yule yule.

"Kagure! Mashine imeona Mugo huku na Mugo kule, ikasema ni mmoja!"

"Lakini Daktari, kwetu kila nyumba iko na Mugo na hatuchanganyi!"

"Mnawajuaje?"

"Si unauliza tu shamba yake imepakana na nani..."

Akageukia skrini. Kuuliza majirani ndiyo iliyokuwa kazi ya programu, na yeye ndiye aliyeiziba macho. Alikuwa ameilaani bure; kikulacho ki nguoni mwako.

Alirudisha nambari zote, akisonya. Saa kumi jibu likaja: jeni tano zimepangana ndani ya managu, lakini ndani ya viazi ziko tatu tu, kisha pengo. Shahada imepona. Akampigia mamake simu, akamweleza kwa furaha.

"Kwa hivyo viazi zangu zitapona?" mama akauliza.

"Bado, mami. Lakini sasa tunajua kuna kitu zinakosa."

"Hata mimi nilijua kuna kitu zinakosa," mama akasema. "Miaka tatu, Kagure?"

Kagure akatazama nje ya dirisha. Ilikuwa kweli miaka mitatu, na mvua za masika zilikuwa zimeanza tena.