Uwaambie Tulifika

Mwanangu, nimesikia unaenda kutembea nchi za watu, kuona miji ya kale na magofu yake. Vizuri sana. Lakini keti kidogo, chai bado ni ya moto. Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, na siku hiyo nilikuwa mbali sana na Sirisia yetu. Nilikuwa nimesimama chini ya lango la mji wa zamani huko Kairo, mzee mmoja amenishika mkono.

Nilifikaje huko, mtu wa darasa la tatu? Miaka ya tisini ikianza, nilikuwa Kitale, nashona magunia ya mahindi kwenye stoo ya Hajj Twaha, karibu na msikiti. Macho ya mzee yalikuwa yameingia ukungu. Kijana wake mmoja alikuwa anamaliza masomo Misri, naye mzee akataka kumfuata akamwone. Wanawe wengine walikuwa wamebanwa na kazi, mahindi yanamiminika kutoka Moi's Bridge. Akaniambia, "Wafula, wewe mkono wako hautetemeki. Utanishika." Basi, ikawa hivyo. Wenzangu wa stoo walinicheka mpaka nikakosa pa kuweka uso. "Bana Wafula, ukimwona Farao mwambie asihangaike, Musa alishaenda!"

Nikaenda nyumbani kumuaga baba. Alikuwa mgonjwa, amelalia upande mmoja, uji anauonja tu halafu anausukuma. Niliposema Misri, akaketi mwenyewe bila kuinuliwa.

Unajua wazee wetu Wabukusu walituambia tulitoka Misri. Siku hizi watoto waliosoma wananieleza ati Misri ya wazee si hii ya kwenye ramani. Inawezekana, mimi sibishani nao. Ila baba hakuwa na ramani. Kwake Misri ilikuwa moja tu, na sasa mtoto wake alikuwa anaenda huko.

"Kwetu mtu akisindikizwa," akasema, "akifika si anatuma neno nyuma kwamba amefika?"

"Ndiyo, baba."

"Sasa sisi tulitoka kule, tukatembea, tukafika hapa, na hakuna aliyetuma neno. Wale waliobaki wanadhani tulipotelea njiani. Uwatafute. Uwaambie tulifika."

Akanitemea mate ya baraka viganjani, akalala tena. Nikaona wazi kwamba hilo ndilo lililokuwa limemshikilia duniani.

Nisikudanganye, Misri ni ya kuona. Zile piramidi mawe yamepangwa kama magunia kwenye stoo, moja juu ya jingine, na aliyepanga alijua kazi, maana rundo la watu wavivu huwa linaanza kuinama mapema. Niliona wafalme wa zamani wamelazwa ndani ya vioo, wamekauka kama nyama ya moshi. Nikawahurumia, kulala bila blanketi na watu wanakutazama. Yule kijana wa Hajj alinipa kamera, nikapiga picha kila ukuta.

Lakini neno la baba nililibeba tu. Nilikuwa natafuta sura, mwanangu. Nikiona mtu mrefu mwenye paji la uso kama la mjomba wangu, namfuata kidogo, halafu naona haya, narudi. Ikafika siku ya mwisho. Tukasimama chini ya lango lile, Hajj akaniuliza mbona nimenyamaza. Nikamweleza yote.

Akakasirika, lakini kwa upole wake. "Tangu tufike unayasalimia mawe na kamera yako. Umemsalimia nani mwenye mdomo?"

"Hajj, nitajuaje ni wetu? Hakuna anayefanana nasi."

"Baba yako alikutuma utafute pua, au upeleke neno?"

Chini ya lango palikuwa na mama mzee anauza mkate kwenye sinia la mbao. Nikamshika mkono, nikamsalimia kama tunavyosalimiana Sirisia, mkono hauachiliwi mpaka uulize nyumba, watoto, ng'ombe na mvua. Hajj, na Kiarabu chake cha madrasa, anatafsiri huku anacheka. "Ya mvua uiruke, Wafula, huku hakuna!" Kisha nikasema, "Mama, baba yangu amenituma. Anasema watu walioondoka hapa zamani, tulifika."

Mama akanitazama sana. Hajj akarudia. Ndipo yule mama akaweka mkono kifuani, akasema kitu, na Hajj akanitafsiria.

"Anasema Mungu ashukuriwe. Anauliza, na watoto, nao walifika wazima?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, ndiyo, wazima.

Niliporudi Sirisia sikupita kwa mtu. Nilimkuta baba amekwisha kabisa, mashavu yameingia. Akafungua macho. "Uliwapata?"

"Baba, sijui kama ni wetu. Nilimwambia mama mmoja tu, wa kuuza mkate."

"Akasemaje?"

"Alimshukuru Mungu. Akauliza kama watoto walifika wazima."

Akacheka kwa pumzi. "Aliuliza watoto? Basi huyo ni wetu." Akaomba uji, akaunywa wote. Alituacha kabla ya palizi, usingizini.

Kwa hivyo ninakuambia, mwanangu: nenda ukaone kuta na makaburi ya wafalme, lakini usianze na kamera. Anza na mkono. Uliza mtu nyumba yake kabla hujauliza ukuta una miaka mingapi. Usingoje afanane nawe. Na ukitumwa neno, hata likionekana la kizee, lifikishe, maana hujui limemshikilia nani nyuma.

Uende ukiwa mwepesi. Maji ya huko yakupende, njia zisikuchoshe, na penye giza apatikane mtu wa kukuonyesha mlango. Mulembe, amani iwe nawe, mwanangu.