Malaria ya Miezi Mitatu

Nilianza na uongo mdogo. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na sita, na wiki mbili nzima alikuwa hatoki kitandani. Haogi nisipomsukuma, chakula anakionja kwa ncha ya kijiko, ukimuuliza jambo leo anakujibu kesho. Jirani yetu hapa Kinanira mlimani aliponiuliza mbona hamwoni mtoto akienda shule, nikamjibu, "Iko na malaria." Malaria haina aibu. Hapa Bujumbura hata wakubwa wanaugua malaria na kutangaziana.

Nilichosahau ni kwamba mgonjwa wa malaria hutembelewa.

Na kwetu mtu haendi kuona mgonjwa mikono mitupu. Huleta kaziye, kreti zima la soda, na kaziye haifunguliwi bila hotuba. Mgeni anasimama, anakohoa, anasalimia ukumbi wa watu sita kana kwamba ni uwanja wa mpira, anaeleza alivyojuana na mume wangu tangu enzi za kaptula, halafu mwishoni, akikumbuka, anamtaja mgonjwa. Kisha mwenye nyumba naye lazima ainuke ajibu. Kwetu anayejibu ni mimi. Mume wangu ni mtumishi wa serikali, akizungumza watu wanaanza kutafuta muhuri. Mimi ni mshona nguo, mzaliwa wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, na huko mtoto huota ulimi kabla ya meno.

Basi nikawa najibu. Nilisema malaria hii imeipenda hewa ya mlimani, imekataa kuteremka mjini. Watu wakacheka. Nilisema mbu aliyemuuma lazima alikuwa na diploma, maana ugonjwa wake hauingii akilini mwa wajinga kama sisi. Wakashika mbavu. Binti yangu mwenyewe alikuwa ametolewa chumbani na kukalishwa kwenye kochi ili aonekane, maana mgonjwa asiyeonekana huleta maneno. Alikuwa anatazama zulia.

Wiki zikapita, malaria haiponi, na kila mgeni akageuka daktari. Wa kwanza alikuwa shangazi yake, dada mkubwa wa mume wangu, anayekaa Kinama na kuja kwetu kila Jumapili kukagua kama ndugu yake bado analishwa. "Mutoto iko na chumba yake peke yake, iko na telefone, anakula nyama," akasema. "Anachoka nini? Mi kwa miaka yake nilikuwa na mutoto mugongoni na ndoo ya maji kichwani." Dawa aliyoileta ilikuwa ndoa. Alikuwa na kijana tayari, mtu mtaratibu. Nikamwambia, "Wifi, huyu kuoga kunamshinda, mume atamuweza wapi?" Jibu hilo nililisimulia katika atelye yangu, kachumba kamoja ninakoshonea, na wateja walilicheka wiki nzima.

Jirani akaja na kina mama wanne wa maombi kutoka kanisani kwake. Sisi ni Waislamu, lakini ukiuguza hubagui mlango. Walimfokea shetani kwa Kirundi, wakamfokea kwa Kifaransa, na mtoto akakubali kila kitu ili waende. Ndugu zangu wa Buyenzi waliposikia wakaona wameaibishwa, wakaleta shehe. Shehe akasoma, akatemea maji, akampa anywe. Akanywa, akashukuru. Nitamsifu shehe kwa jambo moja: hakupiga kelele.

Baba yake mdogo, yule anayejua mambo yote, akasema mtoto amekosa hewa. Akampakia garini, akampeleka Kajaga ufukweni, akamkalisha aangalie ziwa, akaagiza samaki wawili wa kuchoma, na kwa saa mbili akamfundisha maisha. Mtoto alimega vipande viwili vya ndizi. Baba mdogo alimaliza samaki wake, akavuta sahani ya mtoto akamaliza na ya pili, kisha akanipigia simu kwa furaha: "Shemeji, leo tumekula samaki wawili!" Hiyo nayo niliipeleka atelye.

Usinione mtu mbaya. Nilikuwa ninaogopa. Kila asubuhi kabla sijawasha mkaa nilikuwa nasimama nje ya mlango wake nikisikiliza kama anapumua. Niliogopa kwamba kuna siku nitausukuma mlango ule nikute mtoto sina. Hofu hiyo sikumwambia mtu, hata baba yake. Ile methali ya mficha maradhi, kwamba kifo humuumbua, nilikuwa naijua tangu shule ya msingi, ila nilidhani inahusu magonjwa ya wanaume.

Mwezi wa tatu wa malaria ile alikuja atelye muuguzi mmoja, mteja mpya, anayehudumia wagonjwa wa mambo ya kichwa. Nikawa nampima kiuno, na ili asione kamba ya kupimia inavyozunguka nikamsimulia samaki wa Kajaga. Ni hadithi yangu bora kuliko zote. Hakucheka. Akaniuliza, "Huyo mutoto analala? Anasemaka juu ya kufa?" Nikamwambia sijui. "Kesho umulete," akasema.

Kesho yake tulikaa watatu katika chumba chenye meza na feni mbovu. Yule muuguzi alimuuliza binti yangu mambo kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayeuliza bei ya maharage. Unalala saa ngapi? Unapenda bado vitu ulivyovipenda? Umeshawahi kuwaza kufa?

"Ndiyo," akajibu.

"Ulimwambia mama?"

Mtoto akanigeukia. Ilikuwa miezi hajaniangalia usoni. "Apana. Angeifanya hadithi ya ku atelye."

Mimi niliyeota ulimi kabla ya meno, nililia mbele ya mtu ambaye nilikuwa bado sijamkatia kitambaa.

Muuguzi akatueleza kwamba huo ni ugonjwa, Kifaransa depresioni, Kiswahili cha redioni wanaita sonona, na una matibabu. Tuje kila wiki. Asiachwe peke yake kwa sasa, na dawa zote za nyumbani zifungiwe. "Na muache kumuonyesha watu," akaongeza. Tulipokuwa tunarudi ndani ya teksi nikamuuliza mtoto anataka tufanye nini.

"Nimechoka kuwa na malaria," akasema.

"Niwaambie watu ukweli?"

"Sema. Lakini usichekeshe."

Jumapili wakaja: shangazi yake, baba yake mdogo, jirani na wengine watatu, na kaziye mbili. Safari hii sikumtoa mtoto chumbani. Baba mdogo akatoa hotuba, ndefu, na ziwa likiwemo. Kisha wakanigeukia wote, nyuso zimeshaanza kutabasamu, wamekaa mkao wa kula. Nikasimama. Nikasema, "Nawashukuru kwa kuja. Binti yetu hana malaria, na hajawahi kuwa nayo tangu mwanzo. Niliwadanganya. Ana ugonjwa wa depresioni, na alikuwa anataka kufa."

Wakacheka.

Walicheka vizuri, kama kawaida yao. Shangazi alijipiga paja. "We mwanamuke, siku moja utatuua!" Nikarudia, neno kwa neno. Safari hii kicheko kikawa kidogo, lakini baba mdogo akainua mkono kuwatuliza wengine: "Mungoje, mungoje, utamu iko kwa mwisho." Wakangoja. Nilijua kabisa kwamba nikisema mara ya tatu watangoja tena, kwa sababu katika nyumba hii mimi ndiye niliyewazoesha hivyo.

Mlango wa chumba ukafunguka. Alitoka na kitenge alicholalia, nywele hazijachanwa, akapita katikati ya miguu ya wageni mpaka akasimama kando yangu.

"Ni kweli," akasema. "Leo mama hachekeshi."

Shangazi yake akaangalia kaziye, akaniangalia mimi, kisha akasogea kwenye kochi ili mtoto apate pa kukaa. Hakuna aliyesimama kutoa hotuba.