Mgeni wa Alhamisi

Fundi huyu wa makochi alipewa jina zuri alipozaliwa, lakini mtaa mzima ulimwita Misumari. Miaka ishirini alikuwa akikaza springi, kukata sponji na kupigilia vitambaa, na misumari midogo ya kazi aliiweka mdomoni ili mikono yote miwili iwe huru. Mteja akimwuliza kitu, alijibu, "Mh." Hilo si kosa, ni kazi. Kosa ni kwamba jioni aliitema misumari ndani ya kopo, akafunga karakana, akarudi nyumbani na kuendelea kujibu, "Mh."

Nyumbani kulikuwa na sebule, na sebuleni kulikuwa na seti ya makochi aliyoitengeneza mwaka aliooa. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuyafaidi. Mkewe aliyavika nailoni ngumu, akafunga mlango, na ufunguo akauchimbia ndani ya kopo la chumvi. Sebule ni ya wageni, alisema, na mama yule hakuwa na desturi ya kusema jambo mara mbili. Basi familia ilikula jikoni: mke kwenye kigoda, binti yao kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, Bibi, yaani mama mzazi wa mke, kwenye kiti pekee chenye mgongo, na fundi mwenyewe, bingwa wa makochi, juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Alhamisi moja jioni mteja mmoja alikuja kutazama mtindo wa makochi yale. Ufunguo ukatoka kwenye chumvi, juisi ikamiminwa, wote wakakaa sebuleni migongo imenyooka kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Mteja akamwuliza binti habari za shule. Binti akaeleza kwamba yeye ndiye golikipa wa timu ya wasichana, kwamba hajafungwa hata bao moja katika mechi sita, na kwamba shule nzima inamwita Komeo.

Fundi akabaki na glasi mkononi. Habari za mwanawe wa kumzaa alikuwa amezipata saa ile ile alipozipata mtu aliyekuja kupima upana wa kochi.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?" alimwuliza baadaye, wakiosha glasi.

"Nilikuambia, baba. Ulisema mh."

Usiku huo ndoo ilimuuma kuliko siku zote. Akatangaza kwamba kuanzia wiki inayofuata, kila Alhamisi saa kumi na mbili jioni, familia itakaa sebuleni na kuzungumza. Mkewe akamkumbusha kwamba sebule ni ya wageni. Fundi akafikiri, akasema basi watakuwa wageni, kwa zamu. Mmoja atatoka kwa mlango wa nyuma, azunguke nyumba, apige hodi mbele, akaribishwe na aulizwe habari zote. Na kwa kuwa mgeni habishiwi, hakuna atakayemkatiza.

Zamu ya kwanza ilikuwa ya Bibi. Alitoka jikoni na mkoba, akaonekana mlangoni baada ya robo saa, akihema. Alisimulia safari ndefu, dereva asiye na adabu na mizigo iliyopotea, ilhali alikuwa ametoka tu kwenye kamba ya nguo, nyuma ya nyumba. Akanywa glasi tatu za juisi, akauliza atalala wapi.

Alhamisi ya pili akaja mke, amejipaka manukato. Fundi akamkaribisha kwa heshima na kumwuliza habari za nyumbani.

"Nyumbani salama, ila mume," alisema mgeni, nailoni ikilia chini yake. "Ukimwambia paa linavuja, anakuitikia mh. Ukimwambia umeota mkia, mh."

Fundi alifungua mdomo ajitetee, akakumbuka sheria yake mwenyewe.

"Pole sana, dada," alisema. "Huyo bwana anahitaji kusemwa."

"Mseme basi. Wewe anaweza kukusikia."

Alhamisi ya tatu ilikuwa zamu yake. Aliisubiri wiki nzima, kwa maana alitaka binti yake aone kwamba baba naye anajua kuzungumza. Akavaa shati la kwenda mjini, akazunguka nyumba, akapiga hodi. Komeo ndiye aliyempokea, akamketisha na kumwuliza kama watoto hawajambo. Fundi akajibu kwa majivuno kwamba anaye binti mmoja, golikipa, hajafungwa mechi sita.

"Saba," alisema mwenyeji wake. "Na yuko kidato cha ngapi?"

Fundi alijua idadi ya springi ndani ya kochi alilokalia. Alijua urefu wa kitambaa chake mpaka inchi ya mwisho. Kidato hakukijua.

"Mh," alisema.

Hakuna aliyecheka. Komeo alitazama zulia. Bibi peke yake ndiye aliyeuliza kama mgeni huyu amekuja na misumari mdomoni.

Fundi akainuka. "Samahani. Nimesahau kitu nyumbani."

Akatoka, akazunguka nyumba mbio na kuingia kwa mlango wa jikoni. Komeo alikuwa amepitia koridoni na kumtangulia, ameketi kwenye kizingiti chake.

"Mwanangu, uko kidato cha ngapi?"

"Cha pili, baba. Na Jumamosi saa nne tuna mechi."

Akazunguka tena, akapiga hodi, akajibu. Akaulizwa rafiki mkubwa wa binti yake ni nani. Akatoka tena. Akaulizwa mkewe anaumwa goti lipi, akatoka tena, na safari hii jirani alichungulia juu ya ukuta kumwuliza kama kuna mwizi.

Safari hiyo ya tatu alipoingia jikoni hakuondoka. Mkewe naye alikuwa amehamia huko, kwenye kigoda, goti la kushoto limenyooshwa. Fundi akapindua ndoo, akaketi na shati lake la mjini.

"Haya, mwanangu, anza na mechi ya kwanza," alisema.

Komeo alikuwa amefika mechi ya nne sauti ya Bibi iliposikika kutoka sebuleni, ikilalamika kwamba hajawahi kuona wenyeji wasio na adabu kama hawa, wanamwacha mtu peke yake na juisi. Walipokwenda kumtazama, juisi ilikuwa imekwisha.