Kabeji Zilizosimama kwa Ukungu

Wacha niseme tu: nilifukuza mapepo kwa shamba, kumbe pepo ni mimi.

Mdosi wangu hapa Kedowa, Mama Chebet, aliniachia kabeji zake. "Kipkoech, hizi zikiharibika, utarudi kwenu."

Nikachukua jibereli, ile homoni yake ya kuamsha mbegu ya viazi, nikapulizia kabeji ndio zinenepe haraka. Mvua ikaanza, nikakaa ndani wiki tatu nikikunywa chai.

Asubuhi niliporudi kupulizia tena, zilikuwa zimesimama kwa ukungu, nyembamba, zimenifika kifua, hazina vichwa, kama watu wananingoja. Nikapiga nduru, nikaita wamama wa kanisa wazikemee.

Katikati ya maombi Mama Chebet, aliyekuja mbio kwa hiyo nduru, akaniuliza polepole, "Kipkoech, dawa yangu ya viazi, ile ya kurefusha mimea, iko wapi?"

Wamama wakafungua macho. Pampu ilikuwa bado mgongoni kwangu, inadondoka.