Mtu wa Reli wa Nshambya

Bukoba hatujawahi kuwa na reli, lakini baba yangu alikuwa mtu wa reli, na ole wako ubishe. Zamani meli za ziwani zilikuwa mali ya shirika la reli, kwa hiyo bandarini palikuwa na dirisha la tiketi kama la stesheni yoyote. Unakata tiketi ya meli na ya treni papo hapo, unapimiwa mkungu wako wa matoke, unaamkia Mwanza, treni hiyo. Nyuma ya dirisha lile alikaa baba, kofia yenye nembo ya reli kichwani. Mpaka leo bandari anaiita stesheni.

Alipostaafu, kazi ikahamia sebuleni kwetu Nshambya. Jioni majirani wakija, mama akishapitisha kikapu cha kahawa ya kutafuna, baba anaanza kuwasimulia treni. Treni huondoka kimyakimya, anasema. Kabla ya kuondoka wanafungua kamba. Ikishachanganya mwendo inayumba, wenye matumbo mepesi wanatapika, ndiyo maana abiria wazoefu hulala chini. Mama aliyasikia hayo tangu uchumba. Alitolewa kwao Muleba kwa ahadi kwamba mke wa mtu wa reli atapanda treni bure. Kila likizo ikifika, kahawa nayo imeiva shambani. Hawakwenda.

Juzijuzi macho ya mama yaliingia ukungu, nikampeleka Mwanza kwa meli kutibiwa. Nikaamua tukimaliza nitampandisha treni, walau mpaka kituo cha mbele. Baba, ambaye magoti hayamruhusu safari, aliposikia akanuna. "Treni za siku hizi si zile," akasema. "Msije mkaniletea maneno hapa." Nilidhani ni wivu tu.

Pale stesheni ya Mwanza mama, macho yake yakiona vizuri sasa, aliikagua treni kama anayenunua ng'ombe. Alitembea kutoka kichwa mpaka behewa la mwisho, mikono nyuma. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Kamba," akasema.

Nikamwambia treni haifungwi kamba. Mara kichwa cha treni kikapiga honi. Akashika kifua, kisha akacheka mpaka akakalia begi la mtu. "Kumbe miaka yote mzee wangu ananisimulia meli!"

Halafu akakataa katakata kupanda. Tiketi ninazo mkononi, kukata nimekata, na sababu hasemi. Nilikasirika, siwafichi.

Tuliporudi, sebule ilijaa. Baba alikuwa kitini pake, amevaa kofia yake ya zamani, kahawa inazunguka lakini yeye hatafuni. Jirani mmoja mchokozi, ambaye hajawahi kumwamini baba hata siku moja, akasogeza kiti.

"Haya mama, wewe ndiye umeiona. Kamba wanafungua kweli?"

Baba akainamisha kichwa. Nilimhurumia mpaka nikasahau hasira zangu.

"Wanafungua," mama akasema, rozari aliyoisali njia nzima bado mkononi. "Mbili. Moja mbele, moja nyuma."

Kahawa ikanipalia. Wakamuuliza kuhusu kuyumba, akasema inayumba vibaya sana. Kelele? Hakuna kelele. Yote ni kama mzee alivyosema, wala hakuongeza chumvi. Jirani yule akaaga mapema.

Tulipobaki wenyewe, baba alivua kofia akaiweka magotini.

"Ulikaa dirishani?"

"Sikukaa popote. Sikupanda."

"Kwa nini?"

"Ningepandaje peke yangu? Mtu wa reli si wewe?"

Akaigeuzageuza ile kofia. Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, akasema hata yeye hajawahi kupanda. Treni aliijua kwenye picha ya kalenda ya ofisini tu.

"Najua," mama akasema, akaanza kukusanya maganda ya kahawa. "Rekebisha hayo magoti."

Asubuhi yake niliamshwa na sauti ya mama nje. Nilipochungulia nikamwona baba kati ya migomba, fimbo mkononi, kofia ya reli kichwani, anajikongoja kuelekea mwisho wa shamba na kurudi. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na ufagio.

"Ongeza mwendo, mzee," alikuwa akimwambia. "Treni itatuacha."