Jeneza Linalofunguka kwa Kidole

Shemeji yangu ametengeneza majeneza kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwona akishangaa kitu. Matajiri na maskini amewapima kwa macho tu, bila futi, na hajakosea hata inchi. Ukimwambia fulani amefariki, anauliza, "Yule mrefu?" kisha anashika randa. Mtu wa namna hiyo unamheshimu hata kama hupendi kumheshimu. Ndiyo maana nilichukia sana alipoanza kupumbazwa na simu.

Mimi ni mdogo wa mkewe. Nashona bitana na mito ya majeneza hayo, hapo kwenye kibaraza cha karakana, kwa mkono. Cherehani ipo, nimeifunika gunia. Cherehani ni ya watu wenye haraka, na anayelala ndani ya kazi yangu hana haraka. Mtaani wananiita Sindano, na anayedhani ni kwa sababu ya kazi ni mgeni.

Ilianza na kiti. Shemeji alinunua simu yenye kioo kikubwa, akawa anatafuta bawaba za shaba mtandaoni, akaangukia tovuti ya kiwanda cha viti cha nchi za mbali. Ukiteremsha kidole, kiti kinajifungua chenyewe: miguu inatoka, mgongo unatoka, skrubu zinaelea moja moja. Ukipandisha kidole, kila kitu kinarudi mahali pake. Mwanamume mzima mwenye wajukuu wanne alikaa juu ya rundo la mbao akikivunja na kukiunda kiti ambacho hatakikalia mpaka anaingia kaburini. Gundi ikamkaukia kwenye brashi.

"Shemeji, hebu tazama!"

"Nimetazama. Ni kiti."

"Tazama kinavyorudi. Hapo kwenye ungio, hapo!"

"Kuna mtu anakikalia?"

"Hakai mtu, shemeji. Ni tovuti."

"Basi ni kiti cha kijinga."

Hakukoma. Baada ya kiti ikaja tovuti ya viatu, kiatu kinakugeukia popote unapokwenda kama mbwa mwenye njaa. Ikaja ya mtengeneza saa, ambapo herufi zilikimbia kidole chake kama vifaranga, naye akazifukuza asubuhi nzima. Mafundi magari wa jirani wakawa wanakuja na mikono yao ya grisi, wanajipanga nyuma ya bega lake, wanasema "Duh!" Wanaume sita wenye ndevu wanasema "Duh!" kwa sababu rangi ya samawati imegeuka kuwa ya zambarau. Wakambandika jina: Kidole. Naye akalifurahia.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," nilimwambia.

"Usione vyaelea, vimeundwa," akanijibu, bila kuinua macho. "Kuna mtu alikaa akafikiria hiki kitu, shemeji. Siku nyingi."

"Alikosa kazi."

Mimi pia nina simu, lakini yangu ina kazi moja tu, nayo ni kungoja. Huu ni mwaka wa tano binti yangu, mtoto wangu pekee, hajanipigia. Siku tatu kabla ya harusi yake alikuja na gauni alilojishonea mwenyewe, akalivaa sebuleni mbele ya mama yake mkubwa na majirani. Wote walimsifu. Mimi niliinama, nikageuza pindo, nikasema, "Mashine. Na bado umepinda." Alilivua, akaolewa na gauni la kuazima, kisha akahamia mji wa mbali na mumewe, akabadilisha namba na kukata mawasiliano na ukoo mzima, maana hakuna hata mmoja aliyenikemea siku ile. Shemeji alinikemea baadaye. "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi," aliniambia. Nikamwambia ashike randa yake. Lakini simu naichaji kila asubuhi kabla sijanawa uso, na namba yangu ni ileile.

Basi Kidole akaamua kwamba na yeye lazima awe na tovuti. Akaleta mbunifu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, miwani yake mipana kama madirisha ya benki. Walikubaliana kwa kabati na meza: yeye atamtengenezea tovuti, shemeji atamtengenezea kabati la nguo na meza ya kazi. Kabati lile lilikuwa la mvule, na milango yake ilifungwa bila kutoa sauti. Nililitazama likipakiwa kwenye gari, nikaona uchungu kama ninayeona ng'ombe akibadilishwa kwa picha ya ng'ombe.

Mbunifu hakuwa na sentensi isiyo na "hisia". Alitaka mgeni wa tovuti apate hisia. Alitaka asafiri. Nilimuuliza anasafiri kwenda wapi, maana kwa biashara yetu ni sehemu moja tu inayojulikana.

"Mama, mtu akiingia anakuta ukimya," akanieleza kwa upole, kama anayemlisha mgonjwa. "Giza kidogo. Halafu jeneza linatokea polepole. Anagusa kifuniko, kinafunguka. Anachagua mbao, anachagua rangi ya bitana. Anaandika jina, na jina linajichonga kwenye kibao, herufi kwa herufi."

"Na namba ya simu iko wapi?"

"Namba inavuruga utulivu wa ukurasa."

"Mtu akifiwa anapiga wapi?"

"Anabonyeza 'Agiza', mama."

Nilimtazama shemeji nikidhani atacheka. Alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha, kama mtu aliyesomewa wosia mzuri.

Nisimsingizie: alifanya kazi. Wiki mbili alikaa karibu na kompyuta ya yule mwanamke akigombana naye kuhusu kifuniko. Kilikuwa kinafunguka upesi mno. "Hicho ni kifuniko cha sufuria," alimwambia. "Mvule una uzito. Unainuka kwa kusitasita, ukifika katikati unakuwa mwepesi." Akamleta karakana, akamfanya anyanyue kifuniko cha kweli mara kumi kwa mikono yake mwenyewe, mpaka miwani ikamteleza puani. Kisha mbunifu akapiga picha. Alipiga nje, akapiga vishikio, akaingiza kichwa ndani ya jeneza na kupiga bitana yangu kwa karibu sana, kama anayetafuta kunguni. Sikumuuliza za nini.

Jumatatu tovuti ikafunguliwa. Mafundi magari walikuja kusema "Duh!" yao. Dada yangu alikuja, akagusa, kifuniko kikainuka, akashika kifua akasema, "Jamani, kama kweli!" Watoto wa shule walipita na simu za wazazi wao, wakafungua na kufunga jeneza kama mlango wa friji, wakaandika jina la mwalimu wa hesabu kwenye kibao na kuangua kicheko. Hadi Jumatano walikuwa wameingia watu elfu nne, shemeji akinitangazia idadi kila saa. Nilimuuliza wangapi wameagiza. Akasema nisiwe na haraka. Niliponyooshewa simu nikakataa. Majeneza nayaona tangu asubuhi hadi jioni, nikayafungue tena kwenye kioo?

Alhamisi, saa tatu asubuhi, nilikuwa kibarazani nashona mto. Akatokea mama wa duka la vifungo, amejifunga kitambaa cheusi, macho mekundu, anashikiliwa na jirani yake. Mimi na mama huyu hatujasalimiana vizuri tangu aliponiuzia uzi uliooza. Alipiga hatua mbili ndani ya ua akilia, "Alikuwa na ulimi, lakini moyo wake ulikuwa safi!" Kisha akaniona. Alipiga yowe, akaangukia ndoo ya vanishi.

Nyuma yake walikuja wengine, kumi na moja kwa jumla. Niliwahesabu. Wengi walikuja kuhakikisha. Mmoja aliniambia, "Ah, kumbe upo," kwa sauti ya mtu aliyekuta duka limefungwa. Ndipo wakanionyesha picha ya ukurasa wa tovuti yetu, iliyokuwa ikizunguka kwenye simu zao tangu jana yake jioni: jeneza la mvule, tarehe ya siku ileile, na kwenye kibao jina langu, majina yangu yote manne, yamechongwa vizuri herufi kwa herufi.

Nilikwenda kwa shemeji na sindano mkononi.

"Umeniua kwa nini?"

Alitazama picha, akakuna kichwa. "Lo! Hilo lilikuwa la kujaribia, jana mchana. Nilitaka kuona kama jina refu linaenea kwenye kibao. Lako ndilo refu kuliko yote ninayoyajua."

"Na likabaki?"

"Lilikaa vizuri sana, shemeji. Mbunifu akasema tuliache liwe mfano. Mimi nilikuwa naangalia bawaba."

Alikuwa anaangalia bawaba! Nilimwambia yote yaliyokuwa moyoni mwangu, kuhusu kiti, viatu, saa na miwani ya benki. Nilimwambia kwamba mtu mzima akianza kupenda vitu kwa sababu vinacheza, amerudi kunyonya. Dada yangu alitoka jikoni na mwiko akanisikiliza, akarudi zake. Shemeji akampigia mbunifu, mbunifu akasema kabla ya saa nane jina litakuwa limeondoka, na akauliza kama watu walipata hisia.

Saa sita na nusu simu ya shemeji ikalia mlio ambao haikuwahi kuutoa. Akakimbia nayo uani, unga wa mbao umemjaa kwenye nyusi.

"Oda! Shemeji, oda! Ya kwanza! Uliniuliza wangapi, haya, huyu hapa mmoja! Mvule, vishikio vya shaba, kila kitu amechagua!"

"Jina la marehemu?"

Akasoma kimoyomoyo. Furaha ikamtoka usoni polepole, akanipa simu.

Jina lilikuwa langu. Rangi ya bitana ilikuwa ya maziwa, ninayoipenda. Chini kabisa kulikuwa na kisanduku cha maelezo, nacho kilikuwa kimejaa.

"Baba mkubwa, nimeona kwenye kundi la shule. Nimetafuta namba yenu kila pembe ya tovuti nimekosa, ndiyo maana naandika hapa. Niko kwenye basi, nitafika jioni. Naomba bitana isishonwe kwa cherehani, mnajua alivyokuwa. Ishonwe kwa mkono kama ile ya kwenye tovuti. Nimefungua kifuniko nikaivuta karibu. Ile ni mishono yake. Ningeijua popote. Nimeifungua na kuifunga tangu alfajiri."

Nilikaa juu ya rundo la mbao. Nilirudi kwenye ukurasa wa mwanzo, nikaweka kidole kwenye kifuniko. Kilisita. Kilipofika katikati kikawa chepesi, kikafunguka, na ndani ilikuwepo kazi yangu, pindo la kushoto, pale ambapo huwa nazidisha mshono mmoja kwa sababu kona hufumuka. Hakuna mtu anayejua kuhusu mshono ule. Nilimfundisha mtoto mmoja tu, alipokuwa na miaka tisa, naye alilalamika kwamba vidole vinamuuma.

Namba aliiacha, maana tovuti haikubali oda bila namba. Nikampigia kwa simu yangu. Ililia mara moja tu.

"Haloo?"

Nyuma yake ilisikika injini ya basi, na mtoto aliyekuwa anaomba maji. Nilikuwa nimeitayarisha simu hiyo kwa miaka mitano, na maneno yote yakanitoroka kama zile herufi za mtengeneza saa.

"Ni mimi," nikasema. "Sijafa. Baba yako mkubwa ni mpumbavu."

Nilisikia pumzi yake. Kisha nikasikia analia, na yule mtoto akamwuliza, "Mama, nini?" Sikuwahi kuambiwa kwamba kuna mtoto.

"Lile gauni," nikasema upesi, kabla ulimi wangu haujarudia tabia yake. "Mshono wake ulikuwa umenyooka."

Alivuta makamasi.

"Haukunyooka, mama," akasema. "Ulipinda. Nilikuwa na haraka."

Nilicheka, na machozi yakanitoka mbele ya mafundi magari, ambao kwa mara ya kwanza hawakusema "Duh!" Nikamwambia asishuke kwenye basi, aje vilevile, na kwamba mtoto apewe maji.

Nilipokata simu shemeji alikuwa bado amesimama mbele yangu, anapangusa nyusi. Hakuwa na ujasiri wa kunitazama, alikuwa anaitazama simu yake.

"Sasa shemeji," akauliza taratibu, "hii oda tuifute?"

Nikaokota sindano yangu kwenye unga wa mbao.

"Iache," nikamwambia. "Mwenyewe hana haraka."